Gari zikichemsha, kosheni rejeta kwanza, jua halina kosa

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum na pole na kazi.

Naomba unipe nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, mana ile barua ya msomaji aliesema kuwa hizi gari za kulala ndani, motahomu za dizeli, hazifai visiwani kwetu eti joto la kaskazi linaziua injini, nimeisoma, na sasa nawasikia na madereva barazani wanaikariri kama kweli. Mimi ni fundi wa dizeli hapa Unguja, gari hizi zinapita mikononi mwangu, za watu wa utalii na za wageni wanaovuka nazo kwa meli ya magari kutoka Dar, na mabasi ya zamani ambayo wenyewe wameyang'oa viti wakatia vitanda na jiko. Nasema wazi jua halina kosa. Kaskazi ikikaza sana hapa ni digrii 32 au 33, hapo jasho linakutoka wewe, lakini injini ya dizeli kazi yake ni kwenye digrii 80 na 90, kwake yeye hio hewa yako ya 33 bado ni baridi. Kule Marekani wazee wastaafu wanavuka nazo jangwa la Arizona kiangazi, joto limeshapita digrii 40, na AC wamewasha, na wanafika. Sasa sisi Mjini mpaka Nungwi hatufiki?

Kinachochemsha gari zetu ni uchafu. Rejeta, ile inayopoza maji ya injini kwa hewa, imeziba kwa nje kwa mafuta na vumbi, na kwa ndani kwa maji ya kisima, halafu fundi anafungua hedi, yaani kifuniko cha juu cha injini, ambayo haikuwa na ubaya wowote, na mwenye gari analipa.

Nianze na zile kubwa za injini nyuma mana ndizo zinazosingiziwa sana. Kwenye Coaster, Rosa, na zile kampa za Kijapani zilizojengwa juu ya gari ya mizigo, rejeta iko mbele, feni inavuta hewa kutoka nje kuja kwenye injini, kwahivo uchafu unakaa usoni na ukifungua grili unauona. Injini ikiwa nyuma na rejeta ikawa nyuma kabisa mambo yanageuka. Feni inakaa baina ya injini na rejeta na inasukuma hewa itoke nje kwa nyuma, sasa uchafu wote unaganda uso wa ndani, ule unaotizamana na injini, na mara nyingi hapo pana intakula, kipoza hewa inayoingia kwenye injini, imeegeshwa karibu karibu na rejeta, huingizi hata kidole. Wewe ukisimama nyuma ya gari unaona rejeta inang'ara, unamwambia kila mtu rejeta yangu safi, kumbe unatizama mgongo wake. Zile zenye rejeta ubavuni ni nafuu, zinavuta hewa ya nje na unazifikia kirahisi, ila na hizo tizama baina ya intakula na rejeta usitizame usoni tu.

Na huo uchafu si vumbi peke yake, vumbi kavu lingepeperuka. Injini ya dizeli inapumua, moshi kidogo unapenya kwenye ringi za pistoni unashuka chini kwenye oili na unatafuta pa kutokea, unatoka kwenye kile kipaipu cha brida pamoja na mvuke wa oili. Kwenye gari nyingi za injini nyuma kipaipu hicho kinaishia karibu na feni, tone linadondoka, feni inalitawanya, na rejeta inapakwa oili polepole kila safari, injini ikishachoka ndo zaidi. Juu ya oili hio sasa weka vumbi jekundu la shamba, unga mweupe wa kifusi cha mawe, nyuzi za makumbi, manyoya ya kuku, majani makavu. Inakuwa utandu mgumu na hewa haipiti tena.

Kuna basi moja la injini nyuma lililogeuzwa nyumba, lililetwa kwangu baada ya kuzungushwa kwengine. Limeshabadilishwa wota pampu, thamostati, ile vali inayofungulia maji yaende kwenye rejeta injini ikipata moto, imeng'olewa ikatupwa, na lilikuwa linaandaliwa kufunguliwa hedi. Hadithi yake ni ile ile, barabara ya sawa linakwenda vizuri, likipata mzigo au kilima geji ya joto inapanda, ukisimama likapumua inashuka. Gasketi ya hedi ikiungua kwa kawaida haikai kwa adabu namna hio, maji yanapungua, mipira inakuwa migumu kama jiwe hata injini ikiwa bado baridi, mapovu yanatoka kwenye rejeta. Hili halikuwa na hata kimoja. Tukanyanyua godoro, mana kwenye gari hizi mlango wa injini mara nyingi uko chini ya kitanda, tukafungua kifuniko, nikamueka kijana nyuma ya gari na tochi aimulike rejeta na mimi niko ndani natizama. Sikuona mwanga. Juu kabisa kulikuwa na ukanda mwembamba ulioonesha kitu, chini kote kiza totoro.

Tukalikosha. Sabuni tuliiacha ilowane, maji ya mwanzo yakatoka meusi yanavutika, halafu ya kahawia, halafu vipande vya utandu vinaanguka vimeshika manyoya na mchanga ndani yake, na kila ukidhani yameisha ukitia sabuni tena yanatoka tena. Mpaka mwisho ile tochi ikaonekana rejeta nzima, vitundu vitundu. Tukarudisha na thamostati mpya, na gari ikapanda vilima bila ya geji kuondoka mahala pake. Mwenyewe aliuliza na hio pampu mpya alionunua ilikuwa ya nini. Mimi sikuwa na jibu la kumpa, akamuulize aliemfungia.

Sasa namna ya kukosha, hapa ndo watu wengi wanaharibu. Kwanza gari iwe imelala ikapoa kabisa, usimwagie maji baridi injini ya moto, na ufunguo utoe ukae nao mfukoni mana kuna feni za umeme zinajiwasha wenyewe. Altaneta ifunge kwa mfuko wa plastiki. Sabuni tia kwenye lile bomba la kunyunyizia dawa shamba, lenye mkono mrefu, jipya ambalo halijatiwa dawa ya kuulia magugu, mkono wake ule mwembamba unaingia mahali ambapo mkono wa binadamu hauingii. Nyunyiza upande wenye uchafu mpaka ilowane, subiri lakini usiache ikauke, halafu suuza kwa mpira wa maji wa kawaida ukitokea upande wa pili, yaani maji yaende kinyume na njia ya hewa, uchafu urudi ulikotokea badala ya kuusukuma ndani ukajibana. Kwenye rejeta ya nyuma nanyunyiza sabuni kutokea ndani, nasuuza kutokea nje, halafu nageuza pande zote mbili, narudia mpaka maji yanashuka meupe. Ni kazi ya kuchosha na chumba cha kulala kitaroa usipotandika turubai, lakini kubadilisha hedi kunachosha zaidi.

Vijana wa kukosha gari kwa presha nawaomba sana rejeta muiache. Vile vibati vyembamba vya alumini vinalala kwa presha, na vikishalala hewa haipiti hata rejeta ikiwa safi vipi, nimeziona rejeta zimeharibiwa na mkosho kuliko na safari. Na isitoshe presha inasukuma utandu katikati ambako hutaufikia tena. Vikiwa vimelala vichache vinanyooshwa kimoja kimoja kwa kitu chembamba kisichokata, vikiwa vingi ndo basi.

Sabuni nayo iwe ya kawaida, ya maji ya kukoshea vyombo inatosha kwa oili laini, au ile ya kuondolea grisi iliyoandikwa kuwa haidhuru alumini. Kostiki soda hapana kabisa! Inakula alumini, unaona povu linachemka unafurahi kuwa uchafu unatoka kumbe ni rejeta yenyewe inayeyuka. Na wale wanaopuliza mafuta ya taa au dizeli, ndio, oili inalainika, lakini inabaki ngozi ya mafuta na vumbi la kesho linaganda upya siku ile ile. Petroli ndo usiseme, unapuliza petroli chini ya kitanda cha mtu chenye betri na jiko la gesi pembeni, huo ni wazimu.

Ukishakosha usipoigusa brida umefanya kazi ya bure. Unga mpira unaovumilia oili kwenye kile kipaipu, ushushe chini ya feni na mbali nayo, au uumalizie kwenye kichupa cha kukusanyia oili chenye tundu la hewa. Usizibe brida, nasisitiza, mana wapo walioiziba kwa kitambaa ili isidondoshe, pumzi ikikosa pa kutokea inasukuma sili, ile mipira ya kuzuia oili isivuje, na oili inamwagika kila mahali.

Chumvi sikuisahau. Gari za watalii zinalala Paje, Jambiani, Nungwi, kwenye upepo wa bahari usiku kucha, na zile zinazovuka kwa meli zinarushiwa maji ya bahari njia nzima. Alumini inaanza kutoa unga mweupe na vibati vinakuwa vya kusagika ukivigusa. Dawa yake ni maji ya kawaida yasiyo na chumvi mara kwa mara, ya upole, tena ukumbuke na kondensa ya AC iliyokaa mbele ya rejeta, baina yao mchanga unajaa ukakaa humo miaka na hakuna anaetizama. Legeza bolti zake, isogeze kidogo bila ya kuivuta mipaipu yake, utashangaa kinachoanguka.

Tuje ndani ya rejeta. Unguja yetu sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya visima vyetu yana chokaa, na karibu na pwani yana chumvi vilevile. Birika lako la chai unaliona lilivyoota ukoko, sasa ukoko huo huo unaota kwenye tyubu za rejeta na kwenye njia za maji za injini, na chumvi inakula alumini. Dereva akiona maji yamepungua anasimama kisimani anajaza, kila siku hivohivo, na hata hajiulizi maji yanapotelea wapi. Tumieni maji ya betri, nazungumzia yale yaliyosafishwa ya kuongezea, si asidi, mchanganye na kulanti, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye maji ya rejeta, nusu kwa nusu. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyokingwa safi ni bora mara mia kuliko ya kisima.

Najua jibu la watu, kulanti ya nini hapa kwetu hakuna barafu. Barafu ni kazi yake moja tu. Inazuia kutu, na inachelewesha kuchemka, mchanganyiko wa nusu kwa nusu unachemka kwenye digrii 107 hivi hata kabla hujafunga mfuniko, na ukifunga mfuniko mzima wenye kushika presha inapita 120. Injini kubwa za dizeli zenye laina, yaani kuta za silinda, zinazoroa maji zina ubaya mwengine, laina inatetemeka kila silinda ikipiga, vipovu vidogo vinazaliwa ukutani mwake na vinapasuka, kila kimoja kinachimba, mwisho laina inatoboka na maji yanaingia kwenye oili. Kulanti ya gari kubwa ina dawa ya kuzuia hilo, maji matupu hayana. Na msinunue kwa rangi, kijani au nyekundu au pinki, kila kiwanda kinatia rangi inayokipendeza, someni kopo linasema ni ya injini gani na msichanganye changanye.

Mfuniko wenyewe ni kitu kidogo lakini kinachemsha gari nyingi. Mpira wake ukishakuwa mgumu au springi ikilegea presha haishiki, maji yanachemka mapema yanamwagika, na dereva anasema hedi. Badilisheni mfuniko kabla ya kuita fundi wa hedi, na muangalie presha iliyoandikwa juu yake iwe ile ile ya gari yako, usifunge wowote unaoingia. Na injini ikiwa ya moto usiufungue, hata kwa kitambaa, hata kama abiria wanapiga kelele, maji yale yakiachiliwa yanaruka usoni. Wapo madereva wana alama mpaka leo.

Sasa thamostati, na hapa nitagombana na mafundi wenzangu. Huu mtindo wa kuing'oa na kuitupa "kwa sababu huku joto" uishe. Kwenye injini nyingi za dizeli thamostati ina kisahani cha chini ambacho injini ikipata moto kinaziba njia ya mkato, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiing'oa njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta, na gari iliokuwa inachemsha kilimani sasa inachemsha zaidi. Na barabara ya sawa inakwenda baridi mno, inakula dizeli, inatoa moshi, inajichosha. Itieni kwenye sufuria ya maji jikoni muone inafunguka au haifunguki, kama haifunguki nunueni nyengine, bei yake haifiki hata robo ya hedi.

Feni nayo, kwenye gari nyingi za injini mbele, ina silikoni yake, ile klachi yenye mafuta mazito inayoikamata izunguke, injini ikiwa baridi na imezimwa izungushe kwa mkono, ikizunguka hovyo yenyewe bila kushika imekufa, inatembea lakini haivuti. Kwenye baadhi ya motahomu kubwa feni inaendeshwa kwa oili ya haidroliki, oili ikipungua feni inapunguza mbio na dereva hajui, anaona geji tu. Mkanda nisiuseme, kila mtu anaujua.

Ndugu zetu wa Pemba wana kazi zaidi kuliko sisi, kule ni kupanda na kushuka. Gari inashuka melini Mkoani, injini imelala, mara moja inakuta kilima kutoka bandarini na mzigo wa kitanda, friji na tangi la maji mgongoni. Tia gia ndogo mapema, injini izunguke, feni na pampu zinazunguka nayo, usiiburuze gia kubwa kwa kibri. Geji ikianza kupanda zima AC, washa hita, ndio hita, utatoka jasho lakini unatoa joto kwenye injini, ukifika juu simama uiache ipige sailensa, izunguke taratibu bila ya kukanyaga mafuta, kabla ya kuzima. Ikiwa imeshatoa mvuke au maji yanamwagika hapo zima mara moja.

La mwisho ni lile linalomwagwa. Kulanti iliyotumika ni sumu na ina utamu, paka na mbuzi wanainywa na inawaua figo, na mtoto mdogo hajui tofauti, halafu sisi tunaimwaga hapo hapo gereji ikanyweke ardhini, na maji tunayokunywa visiwa hivi yanatoka ardhini humo humo. Ikingeni kwenye debe lenye mfuniko, na yale maji ya mwanzo ya kukoshea yenye oili myatandikie beseni. Mabaraza ya miji nayaomba yatuonyeshe mahali pamoja, Unguja na Pemba, pa kupeleka kulanti na oili chafu, sisi mafundi tutaleta wenyewe, hata kwa gari ya ng'ombe.

Fundi wa dizeli,
Mwanakwerekwe, Unguja